Bahasha ya Jerop

Kaptembwo, Nakuru
19 Julai 2007

Kipkemei,

Mtoto gani anakaa miezi minne kwa kiwanda cha chai huko Kericho na mama yake anaishiwa pumzi hapa? Kutuma kredo ya simu si kuja. Aibu yako. Haya, afya yako ni njema? Unakula? Mimi niko, ni magoti tu yananisumbua na hii baridi. Naandika kwa sababu simu iko na mama yako Jerop, na haya maneno yeye hayajui.

Ile ngozi yake imezidi kukaza. Vidole vinageuka vyeupe akiosha vyombo, na kutoka bombani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Juni nikampeleka hospitali. Daktari Ogola, kijana ambaye hata ndevu hazijajaa, akampaka mafuta baridi kifuani, akapitisha kitu kama pasi ndogo, eti moyo unaonekana kwa kioo. Mimi niliona chenga tu, kama TV ya jirani yetu Milcah. Nikamuuliza kama anazisoma hizo chenga ama anatudanganya. Akacheka, mjinga.

Jerop alipoenda kuvaa, daktari akaniambia ugonjwa wa ngozi umeingia kwa mishipa ya mapafu, presha huko iko juu, na upande wa kulia wa moyo umefura kwa kusukuma. Eti huo upande ndio unaonyesha mgonjwa anaelekea wapi. Eti akiachwa hivi atazimia, miguu itafura, na wengi wa namna hiyo hawafiki mbali. Akanipa bahasha: tarehe tatu Julai aende Nairobi, wapitishe mpira mwembamba kwa mshipa mpaka moyoni, wapime hiyo presha sawasawa, wajue dawa ya kumpa.

Nilimwangalia vibaya. Kwetu hata ng'ombe hatuwahesabu kwa kidole, wasije wakaisha. Na huyu anahesabu siku za mtoto wangu kwa mashine? Nikasema anatafuta mtu wa kujifunzia. Niliacha shule darasa la tatu, lakini kuchezewa, hapana.

Sasa sikia, na usipige kelele. Bahasha sikumpa Jerop. Nilimwambia kwamba daktari amesema ni baridi tu, anywe uji wa wimbi. Iko chini ya godoro langu, na tarehe tatu imepita. Jumanne alizimia pale bombani, ndoo ikammwagikia. Nilipomvua viatu, miguu ilikuwa imefura. Vile vile yule kijana alisema. Hakumroga mtu. Aliona, na mimi nikafunika.

Salimia wenzako wa kiwandani. Mungu akushike njiani.

Njuguna anayekuletea barua hii anarudi Nakuru kesho. Panda lori lake. Mimi mwenyewe nitamwambia mama yako, mbele yako, halafu umpeleke kwa Ogola mkaombe tarehe nyingine. Akiniita muuaji, usinitetee. Mfunge viatu, mwende.

Kogo wako, nyanya yako,
Taprandich