Picha ya Mama ya Sentimita Sitini

Jumatatu, 3 Julai
Mama mkwe anatimiza miaka sabini Jumapili. Tumekubaliana na mume wangu Ulan: picha yake ukutani, upana sentimita sitini. Ninayo moja kwenye simu — Mama anacheka, ndoo ya maziwa ya farasi mkononi. Ndiyo pekee. Kwa kawaida akiona kamera hubana midomo, anaficha pengo.

Jumanne, 4 Julai
Nimeshuka mjini Naryn kwa Kanat, mchapa picha. Akaitazama, akanirudishia simu polepole. Ina pikseli, zile nukta za picha, 640 kwa 480 tu. Ikivutwa hadi sentimita sitini, Mama atakuwa viraka viraka. Akanifundisha: gawanya pikseli za upana kwa mia tatu, unapata inchi za picha safi. 640 — inchi mbili na kidogo! Ya kutazamwa kwa mbali, gawanya kwa mia na hamsini. Bado inchi nne.
“Dada, hii imetumwa kwa meseji, ikapunguzwa. Tafuta ile ya mwanzo.”
Nikamwambia anichapie hiyo ya inchi nne, nisirudi mikono mitupu. Ndogo, lakini nzuri.

Jumatano, 5 Julai
Nimempigia binti yangu Meerim, ndiye aliyeipiga. Simu ile aliiuza tangu majira ya baridi. Picha hakuhifadhi. Akaanza kulia, nikamwambia basi, si msiba.
Basi nitampiga Mama upya kwa simu yangu; hutoa pikseli 4000 kwa 3000. Nimegawanya mwenyewe kwa mia na hamsini — inchi ishirini na sita na ushee, yaani sentimita sitini na saba. Zimepita sitini! Nimecheka peke yangu jikoni.
Kwa hiyo hesabu imekubali. Bado Mama.

Alhamisi, 6 Julai
Amekataa. Eti yeye waziri, apigwe picha? Akaendelea kukanda unga.

Ijumaa, 7 Julai
Asubuhi nimempa ile ndogo. Akaisogeza dirishani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilidhani atalalamikia pengo.
“Huyu ni mama yangu kabisa,” akasema. “Alivyokuwa akicheka. Sina hata picha yake moja, mwanangu.”
Halafu akauliza kama kubwa nayo itatoka safi hivi. Nikamwambia safi, Mama, nimepiga hesabu.
Akaenda kutafuta kitambaa chake cheupe cha kichwa.
Sasa yuko nje kwenye kigoda, jua zuri. Midomo ameibana vilevile. Ulan anamnong'oneza jambo, sisikii nini — mabega ya Mama yameanza kutikisika kwa kicheko. Ulan ananiita. Naweka kalamu