Kichupa cha Tarehe Tatu

16 Machi

Binti yangu,

Mimi ni mzima, goti ndilo lile lile. Natumaini wewe na mume wako hamjambo. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ungenikatia kabla sijamaliza, au mimi ningekukatia wewe.

Vifaranga wangu wanakufa. Juzi asubuhi niliwakuta wamejikunyata kwenye kona ya banda, manyoya yamesimama, wanahara maji meupe. Kati ya themanini nimeshafukia arobaini na mmoja. Wa fundi cherehani, jirani yangu wa kulia, wamekwisha wote thelathini. Wa kinyozi wamebaki wanne, nao wanasinzia kama wasikilizaji wa hotuba ndefu.

Wote watatu tulitumia chanjo ya ugonjwa wa Gumboro uliyotutumia. Kichupa kimoja ni cha vifaranga mia mbili, na kikishafunguliwa hakiwekwi, ndiyo maana niliwaita majirani. Sasa fundi cherehani akipita mlangoni kwangu anasema kwa sauti, "Daktari wa ndoo huyo."

Ulitutumia nini, chanjo au maji?

Baba yako


20 Machi

Baba, shikamoo.

Pole kwa vifaranga, na pole kwa goti. Sisi wazima. Barua yako niliisoma nimesimama dukani, mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Kichupa kilitoka kwenye friji ya duka saa moja asubuhi. Nilikifunga na barafu ndani ya chupa ya chai, nikampa kondakta wa basi mkononi. Wafugaji kumi na mmoja wamechukua chanjo kwenye boksi hilo hilo, na hakuna aliyerudi na mzoga. Wewe ulichanganya na maji gani? Ya bomba yana dawa, yanaua chanjo. Niliandika kwenye karatasi, lakini karatasi zangu huwa unaziweka chini ya mguu wa meza.

Tena kinyozi wako amempigia simu mwenye duka, kwamba nauza chanjo mbovu. Nimenyang'anywa funguo za friji. Siku hizi nauza kamba na ndoo.

Wagonjwa watenge. Mtu asiingie bandani na viatu alivyotoka navyo kwake.

Mwanao


23 Machi

Binti yangu,

Salamu utazichukua kwenye barua iliyopita.

Miaka thelathini nimekuwa karani wa ghala, na haukutoka hata msumari bila mimi kuuandika. Leo mtoto niliyemfundisha kushika kalamu ananiuliza maji gani. Nakunakilia shajara yangu neno kwa neno:

"Tarehe 3 Machi. Saa 2 asubuhi, nimeondoa maji bandani ili wapate kiu. Saa 4, basi halijafika. Majirani wamefika na ndoo. Saa 8 mchana, basi limefika, gurudumu lilipasuka njiani. Barafu imekuwa maji. Kichupa kina joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Nimechanganya na maji ya kisima na maziwa ya unga, nimewagawia majirani. Saa 10, vifaranga wamemaliza kunywa."

Maji ya kisima. Nionyeshe kosa langu liko wapi.

Fundi cherehani amenirudishia suruali niliyompa kushona, mguu mmoja hauna pindo. Nimebakiwa na vifaranga kumi na tisa.

Baba yako


27 Machi

Baba, shikamoo.

Kosa umeliandika mwenyewe. Soma kwa sauti: "Kina joto kama yai lililotagwa sasa hivi." Chanjo ikipata joto inakufa. Karatasi yangu ilisema, barafu ikiyeyuka tupa, nipigie, nitatuma nyingine. Na ulijua. Usingejua, usingeandika. Uliona watu wamekaa na ndoo tangu asubuhi, ukaona haya kuwaambia warudi makwao. Ukawanywesha vifaranga haya zako.

Mimi nilikosa kwa kutokupigia siku ile nikauliza barafu imefika vipi. Hilo nimelibeba. Lako nimebebeshwa kwa nguvu, na linanitoa kazini.

Waambie. Usipowaambia, usiniandikie tena.

Mwanao


14 Aprili

Binti yangu,

Natumaini u mzima, na funguo umerudishiwa. Goti limevimba kwa matembezi ambayo sikuyapenda.

Shajara nilimsomea kinyozi kwanza, nimeketi kwenye kiti chake, kidevu nusu kina povu, ili nisiweze kuondoka katikati. Alinimalizia kidevu, kisha akampigia mwenye duka nikiwa palepale, akafuta maneno yake.

Kwa fundi cherehani nilisoma nikiwa mlangoni. Hakunikaribisha. Nilipofika kwenye yai alisimamisha cherehani. Akasema, "Mzee, ungetuambia turudi, tungerudi. Ndoo tupu ina uzito gani?" Swali hilo pia nimeliandika kwenye shajara.

Bado nina hasira nawe. Kuna maneno mtoto hamwambii baba yake, hata yakiwa ya kweli. Karatasi yako nimeitoa chini ya mguu wa meza. Sasa meza inayumba.

Nimebakiwa na kumi na mmoja. Banda nitalipaka chokaa, na maranda ya zamani ya sakafuni nimeyachoma. Fundi cherehani ataingiza vifaranga wapya mwezi wa sita, na chanjo nitakuja kuichukua mwenyewe. Naye anakuja. Anasema chupa ya barafu ataishika yeye.

Baba yako