Tanga Lililokataa Kupinda

Jumapili, Juru. Mvua imekatika tangu misa, lakini mimi sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimetoka kutazama maharage ambayo hayana haja ya kutazamwa.

Kesho naenda chuoni Mbarara. Walimu watachagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kujifunza kwenye karakana ya boti, Entebbe. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Majirani huniita fundi wa mashua za shambani. Sawa, wacheke. Boti za kesho zitakuwa na matanga yanayobadili umbo yenyewe, bila kamba wala mota, na mimi nimetengeneza moja dogo, urefu wa mkono wangu. Ni nyuzi za mgomba, tabaka mbili zilizobandikwa kwa kole, yaani gundi: moja imelala kwa urefu, nyingine imeikata kwa upana. Ukililowesha, nyuzi zinavimba, tabaka zinavutana, tanga linapinda na kushika upepo. Likikauka, linanyooka. Basi. Hakuna uchawi.

Mchana nimelilowesha, nijaribu mara ya mwisho. Halikupinda. Nikamwaga maji tena, nikasubiri. Wapi! Maji yaliteleza tu, yakadondoka chini. Nikalinusa.

Mawese.

Kwetu Rumonge, tulikotoka kabla ya kuhamia huku, mwiko, kinu, mpini wa jembe, kila kitu cha kudumu kilipakwa mawese, na mama hajaacha. "Ni kusudi wadudu wasikule hiyo kitu, mwanangu," akasema. Nikamfokea. Mungu anisamehe, nilimfokea mpaka kuku wakakimbia. Yeye akaendelea kuchambua maharage, hakuinua kichwa.

Nimelisugua kwa sabuni, nimelisugua kwa majivu. Bure. Jipya siwezi kutengeneza, kole inataka siku nzima ya jua.

Sasa hasira imepoa, na kilichobaki ni kibaya zaidi.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mama tanga likipinda. Alipiga makofi, akataka kujua sababu. Nikamweleza: maji yakiingia ndani linapinda, yasipoingia halipindi. Alielewa upesi kuliko wenzangu darasani. Kisha akauliza kama wanaokwenda Entebbe hurudi nyumbani, au huhamia hukohuko. Nikamjibu kwa kiburi, nani arudi Juru? Akanirudishia tanga mkononi. Na humu ndani tuko wawili tu, yeye na mimi.

Tangu jioni nazunguka na jambo hilo kichwani. Nalifukuza, linarudi.

Kesho nitapanda teksi ya kwanza na tanga langu gumu. Nitawaeleza walimu kwa mdomo jinsi lilivyokuwa likipinda, waamue watakavyo. Mama ameshanifungia viazi vya njiani, na sasa anaimba polepole huko jikoni.

Sitamuuliza kama alijua halitapinda. Mama yangu hajui kusema uongo.