Filimbi ya Yasutaro Minegishi Imelia Tena

Mwaka umezunguka, Baba Yasutaro, tangu ulipotutoka ghafla karakanani, umejiinamia, patasi mkononi. Tulidhani umesinzia. Mama alikufunika blanketi, na ndipo mkono wake ulipogusa shavu lako.

Ulikuwa fundi wa filimbi, mtu wa maneno machache na mianzi mingi. Kila majira ya baridi ulipanda kilimani na sururu, ukaing'oa pamoja na mizizi yake, ukaibanika juu ya mkaa mpaka itoe mafuta, kisha ukaifuta kwa fulana zako nzuri. Mama akiuliza, "Wewe, zile fulana nilizofua ziko wapi?" ulimjibu, "Zimeenda kazini."

Bintiyo Chizuru aliporudi kutoka chuoni alikosomea elimu ya sauti, wengi walidhani utamfukuza yeye na kompyuta yake. Wapi! Ulimkabidhi shakuhachi yako mwenyewe, filimbi ya mwanzi uliyoipuliza tangu ujana, akalipima tundu lake lote kwa ndani. Mafundi wenzako wakakutania kwamba siku hizi unachonga kwa umeme. "Afadhali mimi," ulisema. "Nyie mnachonga kwa kubahatisha." Lakini hata kompyuta ilipomaliza kusema yake, bado ulipuliza, ukakwangua kidogo, ukapuliza tena, na chai yako ikapoa palepale.

Baada ya mazishi, Mama aliiweka filimbi ile kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha yako. Wageni walikuwa wengi na baridi ilikuwa kali, kwa hiyo jiko la mafuta liliwaka mchana kutwa. Ungekuwepo ungesema kwamba mwanzi hauvumilii hewa kavu. Siku moja tukasikia mlio, kama kijiti kikivunjwa. Ilikuwa imepasuka kutoka mdomoni hadi shinani. Ufa mdogo hufungwa kwa uzi, lakini huu ulibandua hata utomvu wa mti uliopakwa ndani; haikutengenezeka tena.

"Nimemzika mara mbili," Mama alisema.

Tangu hapo hakutaka filimbi ipulizwe nyumbani; hata ikisikika redioni, aliizima. Chizuru aliumia sana kumwona hivyo. Akaapa kwamba kumbukumbu ya mwaka haitafika kabla hajamrudishia mama yake sauti ile.

Vipimo vya tundu lake vilikuwepo kwenye kompyuta. Kwa mashine alitengeneza kijiti cha plastiki chenye umbo la tundu la filimbi yako, akakiingiza katika mwanzi uliouacha ukikauka darini, akashindilia pembeni unga wa jiwe uliokandwa kwa utomvu. Ulipokauka, akakichomoa. Mara ya kwanza unga uling'ang'ania kijiti, tundu lote likaharibika. Alilia, Baba, hatukufichi. Kisha akalikwangua, akaanza upya, akauacha unga ukauke taratibu jinsi ulivyomfundisha. Kompyuta ilisema filimbi imefanana na yako. Naye akapuliza, akakwangua kidogo, akapuliza tena.

Jumapili iliyopita, mtawa wa Kibudha alipomaliza sala ya kumbukumbu yako, mwanafunzi wako wa zamani, Soejima, aliishika filimbi hiyo mpya. Mama alitaka kuinuka aondoke. Chizuru akamwambia, "Kaa kidogo tu, Mama. Ukichukia, naichoma."

Soejima akapuliza. Mama alifumba macho, nasi tukaogopa hata kukohoa.

"Ndiyo yenyewe," alisema mwishowe, machozi yakimtiririka. "Sauti ni yake kabisa." Akamshika Chizuru mkono. "Ila baba yako alikuwa akivuta pumzi kwa kelele kabla ya ile sauti ya chini. Nilikuwa namgombeza kila siku. Mbona hiyo sijaisikia?"

"Hiyo hatukuipima, Mama."

Pumzika, Baba. Unakumbukwa na mkeo Fusae, bintiyo Chizuru, mkweo Norikazu, mjukuu wako Itsuki, pamoja na Soejima, uliyempenda kama mwanao. Hututoki moyoni, mpaka siku nasi tutakapokufuata.