Shosho Amefikaje Korea?

Shosho, bibi yangu, habari ya baridi ya huko Nyeri? Birmingham mvua ni kaidi kama wewe.

Jana nilienda sinema mtaani Digbeth kuona filamu ya Kikorea. Ndani yake kuna bibi mgomvi, hakuna jirani anayepona mdomo wake. Nikacheka: Shosho amefikaje Korea? Kumbe bibi huyo, aliyotendewa na wanajeshi wakati wa vita akiwa msichana hajawahi kumwambia mtu. Aliposimama mbele ya umati kuyasema, nilijisahau nikapaza sauti, "Sema, Shosho!" Wazungu wote wakageuka.

Nakupenda, na mdomo wako pia. Jumapili nitapiga simu nikuulize ya kambini, Waingereza walipokufungia ukiwa msichana, wakati wa kupigania uhuru. Usinikwepe kwa kuniuliza kama nimekula. Nimeshiba, Shosho. Sema.

Ciku wako