Binti Yangu Ndiye Mama wa Mama Yangu

Mpendwa Bibi Alasi wa redio,

Naomba unisaidie, na jina langu ulifiche, maana ndege ya kuwachukua wazee inakuja baada ya wiki tatu na humu ndani hatuelewani. Nina miaka thelathini na minne, nimezaliwa hapahapa Aujuittuq, kwenye barafu ya kaskazini kabisa mwa Kanada, nina mume mwindaji na binti mmoja, Akinisi, wa miaka kumi na minne. Mama yangu, Siasi, si wa huku, aliletwa na meli ya serikali mwaka wa hamsini na tatu kutoka kwao Inukjuak, mbali kusini, wakaambiwa wanyama ni wengi na baada ya miaka miwili atakayetaka atarudishwa, na hiyo miaka miwili mpaka leo imekuwa thelathini na sita. Mama yake alikuwa anaumwa kifua, akaachwa ufukoni kwa ndugu, na habari ya kifo chake ilipofika marehemu alikuwa na mwaka mzima kaburini, kwa kuwa barua ilingoja meli ya mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana binti yangu alipozaliwa mama alimpa jina la marehemu, na kwa mila yetu tangu siku ile mtoto wangu ni mama wa mama yangu, naye anamwita "mama", tukila ngozi ya nyangumi kipande cha kwanza ni cha Akinisi, na Akinisi akilia, mama naye analia.

Sasa serikali imekubali kuwarudisha wanaotaka, na mama anataka. Hilo silipingi, Bibi, tangu utotoni namsikia akitaja kome na mayai ya bata bukini na matunda ya kuokota chini, vitu ambavyo mimi sijawahi hata kuviona vikiwa porini. Lakini anataka kwenda na Akinisi. Anasema, "Nilimwacha mama yangu mara moja. Simwachi tena." Na mimi nilishaomba nafasi ya sekondari mjini Iqaluit, akae bweni, kwa kuwa shule ya hapa inaishia darasa la tisa na sitaki aishie kupiga deki zahanati kama mimi. Isitoshe kule Inukjuak watamwona mgeni, hata usemi wetu wanaucheka, ingawa mama naye hapa hajawahi kupaita "kwetu".

Wiki iliyopita nimekuta fomu ya shule imefichwa chini ya godoro la Akinisi, haijajazwa. Nikamgombeza vibaya, nikamwita mvivu na mnafiki, mama akiwa amekaa palepale anashona kiatu cha ngozi. Akaweka sindano chini, akasema, "Unamtukana mama yangu mbele yangu." Leo siku ya sita hanisemeshi, na chai yangu hanywi, anakwenda kunywa ya jirani. Mume wangu anasema nimwache mtoto aende. Bibi, nimzuie au nimwachie? Nikimzuia, nawatenganisha mara ya pili. Nikimwachia, zamu hii anayeachwa ni mimi.

Mama mwenye mtoto mmoja

*

Mwanangu,

Jina lako nimelificha, lakini Aujuittuq nzima inaenea kanisani na viti vinabaki, kwa hiyo mama yako atanisikia akiwa huko kwa jirani anakokunywa chai. Afadhali, kwa kuwa naye nina la kumwambia.

Nianze na wewe. Pole, lakini umekosa, na ulijua unakosa. Mwenye jina la bibi yako hapaziwi sauti mbele ya mama yako. Nenda leo ukamwombe Akinisi radhi, mama yako akisikia, na usianze kujieleza.

Halafu, barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali mlipomuuliza mtoto anataka nini. Sijapaona. Wewe hukumuuliza, mama yako hakumuuliza, na huyo mwindaji wako naye kasema lake akatoka zake. Watu wa meli walifanya hivyohivyo, waliamua sisi tukae wapi, kisha wakatupakia. Nami nilipakiwa, kwa hiyo usininunie. Ile fomu haikufichwa kwa uvivu. Mtoto anavutwa huku na huku na watu wawili anaowapenda, akaona karatasi isipojazwa hakuna atakayeumia.

Jambo moja tu si la kumuuliza: atasoma, awe Iqaluit, awe Inukjuak, shule zipo kote. Mimi shule sijaiona ndani, herufi zetu nilifundishwa na mama, na najua inavyouma kuweka alama kwenye karatasi ya Kiingereza usiyojua inasema nini. Akichagua bweni, likizo zote ni za bibi yake. Akichagua kwenda na bibi yake, utamfungia mizigo bila kununa, na simu utapiga kila Jumapili. Huo si ule ufuko alioachwa bibi yako. Ndege inarudi. Na usimtie maneno mdomoni. Nikisikia umemfundisha jibu, jina lako nitalitaja hapahapa hewani.

Siasi, dada yangu, weka kikombe chini unisikilize. Jina linampa huyo mtoto heshima ya mama yako, halimpi miaka yake. Ana kumi na minne. Ukimpandisha ndege ili moyo wako utulie, unamtwisha mzigo ambao marehemu hakukutwisha wewe. Lakini umemwita mama tangu azaliwe, nami sikwambii uache. Nakwambia umtii kama mama. Rudi nyumbani, pikeni nyama ya sili, mpe kipande cha kwanza, mkae chini. Usianze na habari za safari. Muulize kwanza lile ambalo hukupata nafasi ya kumuuliza mama yako: kama alikukasirikia ulipopanda meli. Jina ni lake, na jibu ni lake. Mkishalia mkamaliza, ndipo umuulize anataka kwenda wapi, na atakachosema ukifuate.