Gitaa Limefika, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, halafu nikabaki na kalamu mkononi nikingoja marahaba yako.

Gitaa limefika. Lile la mbao lenye tundu la waya, tuliloliagiza kwa muuza vyombo wa Ukunda, lilikuja siku ya hitima yako. Mwenye duka alilileta mwenyewe, akakuta watu wamejaa uani, akaona haya hata kuingia. "Pole sana, mwanangu," aliniambia. "Mkiona haliwafai, nirudishie Ijumaa, sitawalaumu." Ijumaa ni kesho.

Ami Bakari, mdogo wako, anataka lirudi. Amesema mbele ya watu, "Nyumba ya msiba na gitaa wapi na wapi!" Mama yumo edani, chumbani.

Basi leo nimelikagua ulivyonifundisha. Nimefumba jicho moja nikaitazama shingo: imenyooka. Nyuzi zimelala chini, ukizigusa tu zinakubali. Bila waya sauti yake ni ndogo lakini safi. Nilipolichomeka kwenye spika yetu ikawa nyembamba, ya bati bati, mpaka nikaipunguza makali. Kifuniko cha betri kimelegea, na uzi wa tatu haukai, unaukaza, unashuka. Kwa mtu wa kujifurahisha barazani linatosha, tena bei yake ni ya watu kama sisi. Wewe ungelitukana kwanza, ungesema ni sanduku la majani ya chai, kisha hakuna ambaye angelitoa tena mikononi mwako.

Lakini kulipiga sikuweza, Baba.

Tangu kiharusi kiulaze mkono wako wa kulia, mimi na wewe tulikuwa mpigaji mmoja. Wewe unabana nyuzi kwa kushoto, mimi nimeketi ubavuni mwako nacharaza. Watu wa Msambweni walitucheka, eti tunamkamua mbuzi mmoja. Nikiharakisha ulinikemea, "Taratibu we mtoto, vidole vyangu vya kizee hivi!" Sasa mkono wangu wa kulia unazijua nyimbo zako zote, na wa kushoto haujui hata moja. Nikacharaza. Nyuzi zikalia wazi, mlio uleule mmoja, na mimi nikalia.

Tulichagua nyuzi laini kwa ajili ya vidole vyako, maana lile la zamani lilikuwa likikuumiza. Laini kweli, Baba. Ungefurahi. Nimekukasirikia kwa kutolingoja, Mungu anisamehe.

Ami amekuja tena baada ya alasiri kulichukua. Nilikuwa sijamjibu, Mama akasema kutoka chumbani, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukuzike, "Liacheni. Si la mtu mwingine." Ami ameondoka bila kumaliza chai yake.

Kwa hiyo halirudi. Nimelitoa waya, nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikabana uzi mmoja tu, ule mwembamba. Kidole kiliniuma. Sauti ilitoka, ndogo, na nikageuka upande wako nikuulize kama ndiyo hiyo.

Buriani, Baba. Mola akupe nafasi kaburini. Nakuahidi nitaujifunza mkono wako.

Mwanao,
Mwanamkasi